Tarehe ya Nzula Imepita

Kitengela,
18 Aprili 1999

Kwako Muthama, mwana wa mwaitu,

Nakusalimu wewe, na Mama Nzula, na Nzula mwenyewe, na yule mdogo Mbaluka ambaye nasikia ameanza kukaa bila kushikwa. Mimi niko salama. Hapa Kitengela mvua imenyesha siku tatu mfululizo, na huu udongo mweusi unaujua. Nikitoka alfajiri kwenda kazini natembea na viatu mkononi mpaka kwenye lami, halafu naosha miguu na maji ya chupa ndio nipande gari. Mwaitu ameniandikia kutoka Kilome. Kunde zimeota vizuri, lakini mgongo bado unamsumbua mama yetu, na anataka kujua kama mjukuu wake amepona.

Na mimi nataka kujua. Muthama, tarehe ya Nzula kurudi hospitali ilikuwa sita Aprili. Siku hiyo nilikuwa napiga deki korido ya kliniki ya watoto, na kila mlango ukifunguliwa nilikuwa nainua kichwa. Sista Nyawira aliita jina lake mara mbili. Halafu akaniangalia mimi, kwa sababu anajua ni mtoto wa ndugu yangu. Nikamwambia labda mvua imekata barabara.

Najua ulivyosikia daktari akisema mwezi wa tatu kwamba damu ya mtoto imekuwa safi, hawaoni ugonjwa tena. Ni kweli alisema hivyo. Lakini aliendelea kuongea, na wewe ulikuwa umeshainama unalia kwa furaha, sijui kama uliyasikia mengine. Hii kansa ya damu haitoki kwa wiki sita. Ni kama sangari kwa shamba, unafyeka juu na mizizi iko chini imetulia. Dozi zake ni za miaka miwili na zaidi. Mtoto anakuja, anachomwa sindano, analala siku chache, anarudi nyumbani.

Mlete wiki hii. Nitawapokea stendi mimi mwenyewe.

Ni mimi dada yako,
Mbeke


Oltepesi,
9 Mei 1999

Dada yangu Mbeke,

Nimepokea barua yako kutoka mkononi mwa Njuguna, mwenye duka. Ilikaa kwake siku kumi chini ya sanduku la sabuni kwa sababu mimi sikupita huko. Nisamehe. Sisi wote tuko wazima. Mbaluka ameota meno mawili na anamuuma mama yake akinyonya. Mvua yenu haikufika huku. Ilikuja siku mbili ikatutania ikaenda, na sasa ng'ombe wanateremka kwa kisima kutoka mbali sana. Nawasha mashine ya maji saa kumi na moja asubuhi, nazima giza likiingia.

Nzula ni mzima. Ungemwona usingeamini ni yule tuliyembeba kwa shuka mwezi wa kwanza. Nywele zimeanza kuota, laini kama za mtoto mchanga. Mzee Sironka, huyu jirani yetu, akileta ng'ombe anamwita, na Nzula anaenda anainamisha kichwa ashikwe, vile watoto wa huku wanavyosalimia wazee. Mzee akimaliza anakaa na mkono pale kichwani, anacheka, ananiambia nywele zinakuja kama majani baada ya mvua. Mtoto anakula. Juzi alimaliza ugali wake akaomba wa mama yake.

Kuhusu kuja, mashine iliharibika pampu, na wa kunishikia zamu alienda kwao. Siwezi kuacha ng'ombe mia tano bila maji. Tutakuja mwezi ujao bila kukosa.

Nzula anakusalimu. Anauliza kama Aketch, yule msichana wa kitanda cha pili, ametoka, na kama bado ana ile kofia nyekundu.

Ndugu yako,
Muthama


Kitengela,
30 Mei 1999

Kwa Muthama,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia Mbaluka ana meno. Mimi nilikuwa na homa kidogo, imeisha. Wanajenga huku kila mahali siku hizi. Pale tulipokuwa tunaona pundamilia sasa kuna nyumba ya mawe.

Nilimsomea Sista Nyawira ile sehemu ya nywele na ugali. Alifurahi, halafu akaniambia nikuandikie hivi: mtoto akiwa anaonekana mzima hivyo ndio wakati wa kumtibu. Akirudi mgonjwa ni jambo lingine. Daktari mwenyewe ameuliza habari yake. Kwa faili yake wameandika "hajarudi".

Ndugu yangu, mimi sikusoma sana. Napiga deki, natandika vitanda, nashikilia watoto wa watu. Lakini ni mwaka wa sita niko kwa hii wodi na nimeona wale wanaopelekwa nyumbani wakiwa wazuri. Usinifanye niendelee. Kama ni pampu, iache. Kama mwezi wa saba utaingia hujaja, nitakuja kumchukua mimi.

Dada yako,
Mbeke


Oltepesi,
4 Julai 1999

Dada Mbeke,

Huku tunasema sopa, na wewe utaitika ipa, basi tumesalimiana. Ni baridi asubuhi, na mchana ni vumbi. Ng'ombe wa kwanza wameanza kuanguka. Mzee Sironka amepoteza wanne. Mama Nzula anakushukuru kwa kile kitambaa ulichotuma.

Nzula alirudi shule Mei. Mwalimu anasema hajasahau kusoma hata kidogo. Jioni anakuja kwa mashine na kijerikeni chake cha lita tatu, anajifanya ni mteja, ananiambia nimhudumie haraka ana ng'ombe wanangoja. Wiki hii amekuwa akisema magoti yanamuuma. Nadhani ni kukua, maana amerefuka.

Sijaacha kusoma barua zako. Nazisoma sana. Lakini ungekuwa hapa ungeona. Mtoto anacheka, Mbeke. Nakaa kwa mashine namsikia akicheka na wenzake mpaka nasahau kuangalia mafuta. Utaniambia nimtoe hapo nimrudishe kwa kile kitanda?

Njoo umwone mwenyewe. Nasema kweli, njoo.

Ameniuliza tena habari ya Aketch. Nimemwambia barua ya aunti ilisahau.

Muthama


Kitengela,
1 Agosti 1999

Muthama,

Salamu kwenu nyote. Natumai maji bado yako kisimani.

Nilitaka kuja na sikupata siku ya ofu. Tuko wachache kwa wodi.

Barua yako imenikosesha usingizi kwa ajili ya magoti. Kumbuka Desemba. Kabla ya homa, kabla hajawa mweupe macho na ulimi, mlianza kuniambia ni magoti, na tulisema ni kukua. Tafadhali. Sikuandikii kama dada mkubwa. Nakuomba vile ningemwomba mtu nisiyemjua. Mlete Jumatatu, au mpe Mama Nzula amlete, au mpe Njuguna akija mjini kuchukua bidhaa.

Mbeke


Oltepesi,
19 Septemba 1999

Dada,

Barua hii anaileta Njuguna kwa mkono. Nimemwambia akutafute mpaka akupate, kama si nyumbani basi hospitalini.

Nzula alianza kutoka damu puani Jumatano. Tulidhani ni jua. Ikaacha, ikarudi, na sasa inatoka kwenye ufizi pia. Ana homa. Miguuni kuna madoa kama amepigwa, na hakuna aliyempiga. Tulimpeleka zahanati, wakatutuma hospitali ya Kajiado, na huko wamemwongeza damu chupa moja wakasema nisikae hata siku moja, niende pale alipokuwa anatibiwa. Nilirudi hapa kuchukua nguo zake na ile kadi ya kliniki. Mama yake amebaki naye. Kesho tutakuja naye kwa ambulansi.

Naogopa jambo moja la kijinga. Naogopa kusimama mbele ya yule sista. Atanigombeza? Nisaidie. Nenda mapema umwambie tunakuja, umwambie lolote, ili tukifika asiniulize tulikuwa wapi mbele ya mtoto.

Muthama


Oltepesi,
28 Novemba 1999

Dada yangu Mbeke,

Nakusalimu. Tulifika salama kutoka Kilome baada ya mazishi, na sikukuandikia kwa sababu kila nikishika kalamu naandika tarehe tu. Mwaitu alibaki na nguvu kuliko sisi. Mama Nzula haongei sana. Anamnyonyesha Mbaluka na anaangalia mlango. Mvua imenyesha wiki hii. Mvua nyingi. Ng'ombe hawaji kisimani, wana maji kila mahali, na mimi nakaa na mashine imezimwa sina kazi ya kufanya na mikono yangu.

Ulinisaidia na sista, na sijakushukuru. Hakunigombeza. Alimpokea Nzula kwa mikono yake, akamwambia, "Umerefuka," basi. Siku zote kumi na saba hakuniuliza kitu. Hata daktari alipotuita kutuambia ugonjwa umerudi na nguvu, na zile dawa zilizoufukuza mara ya kwanza sasa hazikuwa zinausikia, hakuna aliyesema "ungekuja Aprili". Mimi nilingoja waseme. Ningeshukuru wangesema.

Sasa nitakuambia jambo ambalo nilikuficha miezi yote ile, na ambalo sijamwambia hata Mama Nzula. Si mvua, si pampu, si zamu.

Ile siku ya Machi tukitoka hospitali, gari lilisimama Kona Baridi wasafiri wanunue chai. Unajua upepo wa pale. Nilimfunika na koti langu, tukakaa juu ya jiwe tunakula mahindi ya kuchemsha. Alikuwa hajaongea tangu Nairobi. Akaniuliza, "Baba, tunarudi tena kule kwa sindano ya mgongo?" Nikasema bado sijui. Akaacha kula. Hakulia. Akasema, "Afadhali niwe mgonjwa tu nyumbani. Niahidi." Mtoto wa miaka saba, na kichwa hakina hata unywele mmoja. Nikamwahidi. Nilikuwa nimesikia damu ni safi. Nilidhani naahidi kitu kidogo.

Halafu barua zako zikaja, nikaelewa nimeahidi nini. Kila wiki nilikuwa nasema nitamwambia Jumapili. Jumapili anaimba kanisani, naahirisha.

Pia kuna Aketch. Nilikuuliza mara mbili na hukujibu mara mbili. Nikajua. Nikawaza, yule alikuwa hapo hapo kwa kitanda, hakukosa tarehe hata moja, na amekufa. Basi huyu wangu wacha acheke. Sikulaumu. Nakuambia tu vile nilikuwa nawaza.

Siku ya sita ya Oktoba, nilipokuwa nampangusa uso, alifungua macho akaniambia polepole, "Baba, uliniahidi." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayekukumbusha umesahau kofia. Kesho yake asubuhi akaenda. Kwa hivyo niliivunja ahadi pia, na niliivunja wakati haikuwa na faida tena.

Sina lingine.

Muthama


Kitengela,
9 Januari 2000

Kwa Muthama, mwana wa mwaitu,

Mwaka huu nimeuingia kwa magoti kanisani, nikiwataja ninyi mmoja mmoja. Msalimie Mama Nzula. Mwambie nimemshonea Mbaluka kaptula mbili, nitampa Njuguna awaletee.

Barua yako nimeiweka mfukoni mwa gauni la kazi wiki tano. Nilitaka kujibu kama mtu mkubwa, nikuambie maneno ya kanisani. Nimeshindwa. Nitakuambia yangu.

La Aketch ni kweli. Alikufa kumi na nne Mei. Hakukosa tarehe hata moja. Niliona nikikuandikia hutamleta Nzula, nikanyamaza, nikadhani nimefanya akili. Sikukuambia pia kwamba Gakuru, yule kijana wa kitanda cha mwisho mwenye ugonjwa huo huo, bado anakuja na yuko darasa la tano. Ningesema la huyu bila la yule, ningekuwa nakudanganya, na ningesema yote mawili nilikuwa sijui utachagua lipi. Nikakuachia giza.

La pili. Ile sindano ya mgongo, mtoto lazima alale upande, akunjwe magoti yafike kifuani, na ashikwe asitikisike hata kidogo, maana sindano iko katikati ya mifupa. Wewe walikuwa wanakutoa nje. Sista alikuwa ananiita mimi nimshike kwa sababu Nzula ananijua, akidhani nitamtuliza. Mara nne, Muthama. Mkono huu nyuma ya shingo na huu nyuma ya magoti. Mara ya kwanza alikuwa anapiga kelele, "Aunti, niachilie." Mara ya nne hakusema kitu. Aliniangalia tu. Baada ya hapo nilikuwa nikipita na ndoo yangu anageuka ukutani. Ulinitumia salamu zake Mei nikakaa nikajiuliza kama ni zake kweli au ni wewe uliziandika.

La tatu ndilo zito. Nilikuambia sikupata ofu. Nilipata. Tarehe ishirini na nne Julai, Jumamosi, nilikuja Oltepesi. Nilikuwa nimejipanga: nimchukue siku hiyo hiyo, hata kama mngenifukuza. Nilishuka ng'ambo ya barabara. Kabla sijavuka nikamwona. Alikuwa na gauni la kijani na kijerikeni, ameweka mkono kiunoni anakugombeza kama mama mwenye ng'ombe wengi, na wewe unamwinamia unamwomba msamaha. Nywele zilikuwa zimejaa. Nilikuwa naona kila kitu. Nikajiambia, akiniona mimi atajua nimefuata nini, na hicho kicheko kitakatika mbele ya macho yangu. Nikasimama nyuma ya lori lililoharibika hapo. Sijui ni dakika ngapi. Gari la kurudi Kiserian lilipokuja nilipanda. Barua ya magoti ilikuwa kwa mkoba wangu, Muthama. Nilikuwa najua maana yake kuliko wewe, na nilipanda gari.

Nimeomba wanihamishe wodi. Sista Nyawira amekataa. Anasema watoto wananizoea. Wiki iliyopita mama mmoja wa Loitokitok alikuwa anafunga mizigo, mtoto wake damu imekuwa safi. Nilimkalisha chini nikamwambia yote, la Aketch na la Gakuru, na la Nzula mpaka mwisho. Alilia, akaenda. Tarehe yake ni Alhamisi. Sijui kama atakuja.

Kama hutaki kuniandikia tena nitaelewa.

Mbeke


Oltepesi,
30 Januari 2000

Dada,

Tuko hai. Mbaluka amesimama kwa kushika ukuta. Kaptula zimefika, ni kubwa, atakua ndani yake.

Nilisoma barua yako nikaikunja nikaenda mpaka barabarani. Lile lori bado liko hapo, wametoa magurudumu. Nilisimama nyuma yake nikaangalia upande wa mashine. Ni kweli, unaona kila kitu.

Nimekaa siku nane nikitafuta namna ya kukuficha hili, halafu nikaona tumefichana ya kutosha. Nilipokuandikia uje umwone, sikuwa najigamba. Mimi nilikuwa nimefungwa na mdomo wangu. Wewe hukuwa umemwahidi kitu. Kila Jumamosi ya Julai nilikuwa nawasha mashine nikiangalia magari yanayosimama, nikikungoja ushuke, umchukue kwa nguvu, alie, anichukie mimi na akuchukie wewe, na aende. Nilikuwa nimeshamwambia mama yake afue lile sweta la safari. Siku hiyo uliyosema, nikiomba msamaha wa ng'ombe wake, nilikuwa naangalia juu ya kichwa chake, barabarani. Niliona gari limesimama. Sikuona aliyeshuka.

Siwezi kukuambia nimekusamehe. Mimi mwenyewe sijajisamehe, nitakupa nini nisichokuwa nacho. Salamu za Mei zilikuwa zake. Alinisimamia mpaka nikaziandika.

Jumapili baada ya ibada nitamwambia Mama Nzula habari ya Kona Baridi. Sijui atafanya nini. Kama ataondoka na Mbaluka aende kwao, nitamsindikiza stendi.

Yule mama wa Loitokitok alikuja Alhamisi? Niandikie. Na kama hakuja, niandikie pia.

Muthama